Mnataka Apone Sura ya Ngapi?

Busu lilikuja sura ya 14. Sura ya 15 nahodha akaamka usiku wa manane akipiga kelele vilevile alivyopiga sura ya 3, na pale barazani kwetu Ujiji watu wazima wanne wakanitazama kana kwamba nimewauzia simu iliyozimika kabla hawajafika nyumbani.

"Si wameshapendana hao?" akauliza rafiki yangu mmoja, wakala wa miamala ya simu. "Sasa kelele za nini tena?"

Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo tangu likizo iliyopita. Nimelibeba kwenye treni kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam, safari inayomtosha mtu kugombana kimoyomoyo na marafiki zake wote. Sasa nataka kugombana nao hadharani, na wewe unayesoma pia, maana nina hakika ungeuliza hivyohivyo.

Nianze na hadithi yenyewe. Kuna tamthilia ya televisheni ya Marekani inayohusu safari za anga za juu, Star Trek: The Next Generation. Desemba 1992 ilionyesha kisa cha sehemu mbili kiitwacho "Chain of Command". Nahodha Jean-Luc Picard anatekwa na kuteswa. Mtesaji wake anamwashia taa nne na kumtaka akiri kuwa ni tano. Siku ya kuachiliwa Picard anakataa kwa sauti ya kupasua koo: ni nne. Halafu, akiwa ameshakombolewa, anamwambia mshauri nasaha wa chombo chao jambo linalomuaibisha. Mwishoni kabisa alifika mahali pa kuamini kwamba kweli anaziona tano. Kisa kinaishia hapo. Januari 1993, kipindi kilichofuata, nahodha yuko kazini, sare imenyooka, anafumbua fumbo jingine kabisa. Hakuna anayemuuliza analalaje.

Waliouliza ni mashabiki. Kuna utamaduni mzima wa mashabiki kuandika yale ambayo televisheni imeyaruka, na tawi lake moja huwapa mapenzi wanaume wawili ambao kwenye tamthilia ni marafiki au wafanyakazi wenza tu. Jina lake la Kiingereza limetokana na ile alama inayotenganisha majina, kama katika Kirk/Spock. Kwa Kiswahili alama hiyo tunaiita mkwaju, kwa hiyo mimi naziita hadithi za mkwaju, wataalamu wa istilahi wakinuna wanune. Inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza kuchapishwa ni ya Diane Marchant, ya mwaka 1974, katika kijarida kidogo cha mashabiki. Waandishi wengi walikuwa wanawake, na hawakuandika kwa ajili ya pesa. Ujira wao ulikuwa barua za wasomaji. Ndani ya tawi hilo kuna mtindo ambao tukiutafsiri unaitwa jeraha na faraja: mmoja anaumizwa, mwenzake anamuuguza. Mtafiti Camille Bacon-Smith, aliyeishi na mashabiki hao na kuandika juu yao kitabu cha Enterprising Women (1992), aliona kuwa maumivu hayo ndiyo yaliyokaa katikati ya shughuli yao yote.

Hadithi niliyopakua ni ya ukoo huo. Ina sura 22, na mwandishi wake anatumia jina la bandia. Inaanza siku mbili baada ya kuachiliwa. Nahodha hawezi kulala taa ikiwaka, na giza nalo haliwezi. Kila akiingia mahali anahesabu taa, anahesabu tena, kisha anamtafutia msaidizi wake kisingizio cha ukaguzi ili amhesabie yeye. Msaidizi anagundua sura ya 6. Hasemi kitu. Kuanzia siku hiyo anakuwa tu mtu anayehesabu taa kwa sauti kila wanapoingia mahali, kama mtu mwenye katabia kake. Sura nzima ni hiyo: wanaume wawili wanaingia vyumbani na mmoja anahesabu.

Umeme ulikuwa umekatika, simu ilikuwa na chaji, na mimi nikaanza kuwasomea huku nikitafsiri papo hapo. Usiku wa kwanza tulikuwa watu watano mbali na mimi. Ndipo busu lilipokuja, na mwalimu akavaa viatu.

Huyu ni mwalimu wa sekondari, rafiki yangu wa tangu utotoni. "Wanaume wawili?" alisema, akaenda zake. Kesho yake alirudi kubishana. Juu ya dini sikubishana naye, na sheria ya nchi anaijua na mimi naijua. Nilimuuliza jambo moja tu: sura 13 za kwanza zilihusu nini? Alizisikiliza zote kwa utulivu, alikunywa chai yangu vikombe viwili. Hakukumbuka taa. Hakukumbuka kwamba mtu huyu hakuwa ameguswa na binadamu mwenzake kwa wema tangu sura ya kwanza, na kwamba alipowekewa mkono begani sura ya 9 alitapika. Kwake hadithi ilianzia kwenye midomo.

Ugonjwa huu hatukuuletewa na watu wa anga za juu. Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Msichana anapigwa na baba mlevi kwa sababu ya barua ya mvulana, anakua bila kujua namna ya kusimama mbele ya mwanamume isipokuwa kwa hofu, anatoka nyumbani, anaangamia, anajiua. Kitabu kikazuiwa mashuleni kwa muda. Si kwa sababu ya kile kipigo. Kipigo hakikumshtua mtu. Ni vitanda vilivyoshtua. Na mpaka leo nikimtaja Rosa kwenye semina, mjadala unaanza na wanaume aliolala nao na unachelewa sana kufika kwenye fimbo, kama unafika. Msomaji anayetazama kitanda amepata ruhusa ya kutotazama kidonda. Ndiyo faida ya hasira ya maadili, inampumzisha mtu.

Lakini mwalimu si mgomvi wangu mkubwa. Yeye angalau aliondoka akisema wazi kinachomkera. Wagomvi wangu ni wale waliobaki, watu wema, waliomezea wanaume wawili kwa gharama ya kunong'ona kidogo na kucheka kidogo, kisha wakadai malipo. Walikuwa wamekubali mapenzi hayo kwa sharti kwamba yatibu. Mapenzi kama dawa ya mseto: siku tatu, vidonge vimeisha, homa imeshuka. Yalipokuja na homa haikushuka, wakaona wametapeliwa. Sura ya 16 ilipigiwa miayo. Sura ya 17, nahodha anapomtupia kikombe mtu yuleyule anayempenda, ilipata hukumu: "Huyu sasa anajiendekeza."

Nalielewa jambo hili kwa upande mmoja. Tumelelewa na neno "itaendelea". Tulikuwa tukisubiri hadithi za Eric Shigongo kwenye magazeti kama watu wanaosubiri mshahara, na hadithi ya kusubiriwa lazima isogee. Mtu anayeamka kila usiku kwa kelele zilezile hasogei. Ni kinyume cha itaendelea. Anaendelea tu.

Muuguzi, ambaye alikuwa wa tatu kutoka mlangoni na ndiye msomaji makini kuliko sisi sote, alinijibu vizuri zaidi. Alisema wodini anaona watu wanaohitaji kusikia kwamba kuna aliyepona. "Ukimwambia mtu hakuna mwisho, anageukia ukuta." Sina jibu la kumshinda. Ni kweli, na nisingependa kuandika hadithi inayomgeuza mtu ukutani. Ila nilimwomba atenganishe watu wawili anaowajua kuliko mimi: mgonjwa anayeuliza atapona lini, na mgeni wa saa kumi jioni anayeuliza swali hilohilo akiwa ameshikilia ndizi mkononi huku akitazama saa. Maneno ni yaleyale. Mmoja anatafuta matumaini, mwingine anatafuta njia ya kutokea. Sisi barazani tulikuwa na ndizi mkononi.

Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alitoa Trauma and Recovery mwaka uleule wa 1992 Picard alipohesabishwa taa. Anataja hatua tatu: usalama kwanza, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kuungana upya na watu, na anaonya kwamba hazipandwi kama ngazi, mtu hurudi nyuma. Mwandishi wetu wa jina la bandia ama alimsoma au aliishi. Busu la sura ya 14 halikuwa tiba. Lilikuwa usalama, basi. Mtu akishakuwa salama ndipo anapoweza kuanza kupiga kelele zake zote.

Wakala aliponiona nimekasirika alijaribu kunituliza kwa mfano wa nyumbani. "Mbona hata Liemba ilizama ikapona?" Nikamfanyia hesabu. Wajerumani waliizamisha meli ile Julai 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927. Miaka kumi na mmoja, na ile ni chuma. Tena waliozamisha walikuwa wameipaka mitambo yake grisi kwanza, kwa kuwa walitaraji kuirudia. Binadamu nani alimpaka grisi kabla?

Sasa niseme kwa nini swali lake liliniuma hivyo, maana siyo kwa ajili ya Picard.

Kabla ya kuanza shahada hii ya umahiri nilifanya ukalimani kwa miezi kadhaa, kwenye mahojiano ya watu waliovuka kutoka Burundi kuomba hifadhi. Kiha cha kwetu na Kirundi vinasikilizana, na mimi Kiingereza ninacho. Ofisi sitaitaja. Siku moja alikuja mama mmoja, akaanza maelezo yake na kuku. Kuku waliobaki bila mtu wa kuwafungia banda. Akaruka kwenye mto, akarudi kwa kuku, akamtaja mwanawe kama yuko hai, akaeleza usiku ule, akamtaja tena kwa namna iliyoonyesha kuwa hayuko hai, akarudi mtoni. Mimi, mwanafunzi mzuri wa fasihi niliyefundishwa mwanzo, kati na mwisho, nikampanga. Usiku kwanza, mto pili, mpaka tatu. Mtoto nikamuua mahali panapoeleweka. Kuku nikawaacha nje, sikuona wana kazi gani kwenye kisa. Mhoji aliandika bila kusita kwa mara ya kwanza siku hiyo, akanishukuru.

Wiki kadhaa baadaye mama yule akahojiwa tena, na mkalimani mwingine, mwaminifu kuliko mimi, aliyesema alichosikia. Kuku wakarudi. Mto ukaja kabla ya usiku. Karatasi mbili zikawekwa mezani, mtu akapigia mstari: maelezo yanapingana. Yaliyopingana yalikuwa yangu na yake. Nilikwenda kueleza, nikaambiwa kwamba mkalimani hana maelezo, ana tafsiri tu. Mkataba wangu uliisha mwezi uliofuata. Faili lake lilikuwa bado kwenye rafu ya yanayosubiri.

Sikumfanyia vile kwa ubaya. Nilimwonea huruma sana, na ndiyo sababu. Nilitaka afike mwisho. Nilikuwa msomaji mwema wa barazani, nikiwa na kalamu.

Na mji wetu una mazoea haya. Mei 2015 watu makumi ya maelfu walikuwa wamekwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, kipindupindu kikawaingilia, na Liemba ikawa inawachukua kwa mafungu kuwaleta Kigoma. Uwanja wa Lake Tanganyika ukajaa. Nilikuwa kijana wa sekondari, nilikwenda na mama kupeleka uji na nguo. Tulikuwa wema, nasema tena. Tuliwaambia poleni, mshukuruni Mungu mmefika. Mmefika. Walikuwa wamelala chini, kwenye uwanja wa mpira, wanasubiri mabasi ya kuwapeleka Nyarugusu, na sisi tulishawafikisha. Kuna kijana wa umri wangu alianza kunieleza jambo juu ya ndugu yake, mama akamkatiza kwa upole, "Usiwaze hayo sasa, kunywa uji." Akanywa uji. Neno pole ni zuri, na likirudiwa linakuwa polepole, ila sisi huwa tunalisema mara moja tu na kugeuka.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti kwetu katikati ya miaka ya 1980 kati ya wakimbizi wa mauaji ya Burundi ya 1972, wengine wakiwa kambi ya Mishamo, wengine wakiwa hapahapa mjini Kigoma. Kitabu chake, Purity and Exile, kilitoka 1995. Aliokutana nao kambini walikuwa wakisimulia na kusimuliana yaliyowapata mpaka yakawa historia yao ya pamoja. Wa mjini wengi walikuwa wamejichanganya, wameoa, wanafanya biashara, na asili yao haitajwi. Wasomi wameandika mengi juu ya tofauti hiyo. Mimi mtoto wa mjini naongeza langu dogo: wale wa mjini walitusoma vizuri. Walijua sisi ni hadhira ya aina gani. Walijua tutasikiliza sura ya kwanza kwa machozi, ya pili kwa heshima, na ya tatu tutasema wanajiendekeza. Wakatupa kile tunachokipenda, yaani mtu aliyekwisha pona.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba hadithi ya mkwaju ya Wazungu angani haina kinachoihusu Kigoma, namwona hajakaa Kigoma. Hadithi nzuri ya kwetu juu ya mtu aliyeteswa ninazo kadhaa. Hadithi ya kwetu inayovumilia kukaa naye sura 8 baada ya kupendwa, bila kumuua, bila kumwokoa kanisani au kwa mganga, naitafuta bado. Huyu mwandishi asiye na jina, asiyelipwa, anayechekwa hata na watu wanaosoma riwaya za kompyuta zinazoota ndoto, amefanya kazi ambayo sisi wenye shahada tumeikwepa.

Kwa haki niseme pia mahali alipochemka, na si mimi niliyepaona.

Mama mkubwa alikuwa mle ndani usiku wote, mlangoni, akichambua dagaa kwa mwanga wa tochi, akijifanya hasikilizi. Mama mkubwa alitoka wapi sitaandika. Mjini kwetu hilo mtu hujisemea mwenyewe au halisemwi. Tulipofika sura ya 18 akauliza kutoka gizani, "Na kazi yake nani alikuwa anamfanyia?"

Nikarudi nyuma kutafuta. Sura ya 4: nahodha amepewa likizo ya ugonjwa, muda usio na kikomo, cheo chake kinamsubiri.

"Chakula?"

Nikamweleza kwamba kwenye chombo kile chakula kinatoka ukutani. Unakitaja jina, kinakuja kwenye sahani.

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Basi hata mimi ningehesabu taa," akasema.

Wengine wakacheka pamoja naye na mimi nikacheka, kisha nikanyamaza. Hapo ndipo hadithi yangu pendwa inapovuja, na mitindo yote ya jeraha na faraja pamoja nayo. Hatua ya kwanza ya Herman ni usalama, na usalama angani ni mlango unaojifunga na ukuta unaotoa supu. Nyarugusu ipo tangu 1996. Mtu mzima aliyezaliwa mle anahitaji kibali kutoka nje, na mama anayetafuta kuni nje ya kambi hajui atakutana na nani. Nani atahesabu taa hapo, na atahesabu saa ngapi? Tunawashangaa waliovuka ziwa kwa kutolia kwao, tunawasifu kwa ustahimilivu wao, neno ambalo miradi inalipenda sana, kumbe pengine ni dagaa tu, lazima wachambuliwe kabla ya asubuhi.

Ila sikubali hoja hii itumike kunifungia kitabu, kama mwalimu alivyojaribu kuitumia nilipomsimulia. "Unaona? Ni anasa." Hapana. Kama kupiga kelele usiku ni anasa, dai langu ni kwamba igawiwe.

Usiku wa mwisho kabla ya treni tulikuwa sura ya 19. Muuguzi yuko zamu, wakala amekuja, mwalimu amekuja pia, amekaa pembeni na viatu vyake miguuni. Nilikuwa nimeahidi tungemaliza. Mama mkubwa akaniambia nisome ile ya kuhesabu.

"Tumebakiza kidogo, mama. Tumalize kwanza tujue ilikuwaje."

"Malizeni nyie. Mimi nisomee ile."

Wakala akaguna. Nikarudi sura ya 6, nikaisoma yote, vyumba vyote, taa zote. Katikati mikono yake iliacha kuchambua. Nilipofika mwisho alikaa kidogo, akavuta ungo.

"Huyo mwenzake ana adabu," akasema, akaendelea na dagaa.